Betri Iliyokuwa Ikifia Nyumbani

Gari langu lilikuwa na tabia moja ya kuudhi: likifika kwa fundi, halina ugonjwa. Kule Mbarara linawaka kila ukiligusa. Fundi analifungua, analisikiliza, analizima, analiwasha tena, kisha ananitazama mimi kana kwamba mgonjwa ni mwenye gari. Nikilirudisha Juru, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, likalala mbele ya nyumba yangu, asubuhi limekufa. Nazungusha ufunguo, nasikia mlio mdogo kama wa mtu anayetafuna njugu, basi. Hata taa za dashibodi hazikuwa na adabu ya kuwaka kidogo ili zinifariji.

Mimi ni mtu wa hasira, na sina haja ya kulificha hilo kwa sababu Juru nzima inalijua. Mke wangu husema hasira yangu ni maziwa jikoni: yanapanda ghafla, yanamwagika, halafu ninabaki mwenyewe nikisugua sufuria. Asubuhi zile nilisugua sana. Nililitukana gari kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha ya mama yangu, ambayo ina matusi yaliyokomaa kuliko hizo nyingine, kisha nikaenda kumwita jirani tulisukume.

Jirani yangu ni Mrundi, amenizidi umri, mkulima wa maharage, Mkatoliki wa kuvaa rozari hata shambani. Alikuja na jembe begani, akaliegemeza ukutani, akajifuta viganja kwenye suruali na kuanza kusukuma. Njia inayotoka kwangu inateremka, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kuegesha gari pua ikielekea mteremkoni, mgongo wake ukitazama mahindi. Tunalisukuma, naruka ndani, naweka gia ya pili, naachia klachi, linakohoa, linawaka.

"Jirani," aliniambia asubuhi moja akihema, "hii gari haitaki fundi. Inataka padri."

"Mimi si Mukatolika," nikamjibu.

"Wewe, ndiyo. Lakini gari hatujui."

Wakati mwingine ningecheka. Lakini mke wangu alikuwa na mimba, na mimba ilikuwa kubwa. Daktari wa Mbarara alikuwa amemwambia mbele yangu, polepole, ili na mimi nielewe: uchungu ukianza, msingoje, msiseme tuone kwanza, njooni. Alisema hivyo kwa sababu ya yaliyotukuta mara ya kwanza.

Mara ya kwanza hatukuwa na gari. Uchungu ulimshika ghafla, tukapanda pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia, na kila shimo la njia ile lilipita mwilini mwake. Mtoto alizaliwa amechoka. Alipumua kidogo, akaacha. Furushi la nguo zake tulikuwa tumelisahau kitandani. Muuguzi aliomba kitu cha kumfunga, hatukuwa nacho, nikavua shati langu. Mama mkwe wangu siku zile alikuwa bado Kongo. Alipopigiwa simu alilia, kisha akauliza swali moja tu: walimfunga katika nguo gani? Mke wangu akamwambia, katika shati la baba yake.

Baada ya hapo nilihangaika mpaka nikapata hili gari, la mkono wa pili au wa tano, sijui, jeupe ambalo vumbi la Juru limeligeuza la udongo, lenye buti pana la kubebea magunia. Nikaanza kupeleka watu Mbarara pamoja na maharage na mahindi yao. Watu walidhani nimelipata kwa ajili ya biashara. Moyoni mwangu lilikuwa gari la safari moja, na hiyo safari ilikuwa bado. Ndiyo maana kila nilipozungusha ufunguo na kusikia ule mlio wa njugu, niliyoita hasira ilikuwa hofu.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameshafika. Vita vilimkuta nyumbani kwake Kivu Kusini, akatembea, akapanda malori ya watu, akaja kulala Kabazana pale wanapopokelewa wakimbizi wapya, mpaka alipoandikishwa na sisi tukaruhusiwa kumchukua. Nilikwenda kumleta kwa gari. Aliingia kiti cha nyuma, akaushika mlango kwa ncha za vidole, akauvuta taratibu, na mlango haukushika. Nikadhani ni uchovu. Nikashuka, nikazunguka, nikaufunga mwenyewe, tukaenda.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana mpaka mtu anachoka kuwatazama. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Mama hampi mkwe kitu mkononi: anakiweka pa kuwekea, anasogea pembeni, ndipo mkwe anakichukua. Wala hamsemeshi uso kwa uso. Maneno yanapita kwa mtu wa tatu, na kwetu mtu wa tatu alikuwa mke wangu. Mke wangu akiwa hayupo, mama alitumia kilichopo. Siku moja tulikuwa wawili uani, mimi nimelala chini ya gari, yeye anachambua maharage, nikamsikia akisema:

"Weye kuku, ambia mukwe kama mvula inakuja."

Kuku hakusema neno, lakini mimi nilitoka nikapandisha vioo. Kisha nikamwambia yule kuku, "Aksanti sana." Mama aliinamisha kichwa kwenye ungo, mabega yake yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. Nilimpenda sana mama yule. Sikuwa na njia ya kumwambia.

Ugonjwa wa betri niliuanza kwa dawa rahisi. Nilivimwagia vichwa vyake maji ya moto, nikakwangua ule unga mweupe, nikakaza nyaya. Asubuhi, njugu. Nikaongeza maji ya betri. Njugu. Nikaing'oa, nikaipeleka Mbarara ikachajiwa kutwa nzima, nikarudi nayo nimeipakata magotini katika gari la mtu mwingine, nikaifunga kwa mikono yangu. Ilifanya kazi mchana kutwa, ikalala, haikuamka. Nikanunua nyingine. Ile mpya ilijikaza, ikanipa matumaini, kisha nayo ikafuata njia ya mwenzake.

Ukikosa ugonjwa unatafuta mchawi. Jirani yangu ana redio, anapenda misa na habari za kwao, na nyumba yake haina umeme. Nikamuuliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, redio yake siku hizi inakula wapi. Alinitazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na kibao cha sola cha ukubwa wa daftari, akakiinua juu.

"Inakula jua," akasema. "Na wewe kula kidogo, jirani, ulale. Macho yako yamekuwa mabaya."

Kesho yake alikuja kusukuma kama kawaida. Watu wengine wamepewa moyo ambao mimi, siku ya kugawa, nadhani nilikuwa nagombana na mtu kwenye foleni.

Fundi wangu wa umeme wa magari ana kibanda Mbarara, kwenye mteremko wa kutokea Kamukuzi. Ni Mnyankore, mtu mzima mpole, na Kiswahili chake ni kile cha Uganda ambacho hakipambi. Alikuwa ameshalipima gari langu mara nyingi mpaka akaanza kulionea haya.

"Sebo," alisema, bwana kwa lugha yao, "betri iko mzima. Altaneta iko mzima. Hii gari hapana gonjwa."

"Inakufa kila asubuhi."

"Hapa?"

"Nyumbani."

"Basi iko kitu nyumbani." Alikaa juu ya tairi akafikiri. "Iko kitu inakula moto ya betri. Gari nalala, yeye anakula tu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nguo zenyewe nilikuwa nimezikung'uta zote, na nikamwambia hivyo kwa sauti ambayo haikuwa nzuri. Hakujali. Alichukua balbu ndogo, akaifunga nyaya mbili, akanionyesha. Unautoa waya wa hasi kwenye betri. Kati ya ule waya na kichwa cha betri unaiweka hii balbu. Kila kitu ndani ya gari kikiwa kimelala, balbu nayo inalala. Ikiwaka, kuna kitu kiko macho. Hapo unaanza kung'oa fyuzi, moja moja, ukiirudisha hii kabla ya kung'oa ile, na ile itakayoizima balbu ndiyo inayokupeleka kwa mwizi. Tulijaribu pale pale. Balbu ilikaa giza tupu.

"Unaona? Hapa analala muzuri," akasema. "Enda fanya nyumbani, jioni. Na madamu, iko namna gani?"

Nikamwambia siku zimekaribia.

"Bambi," akasema kwa huruma, na balbu yake akaniachia.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Nilishusha mizigo ya watu, nikaegesha pua mteremkoni, nikabamiza buti, nikaingia kuoga. Mama mkwe aliweka sahani yangu kwenye kigoda, akasogea. Nikala. Nilipotoka na balbu ya fundi mkononi, giza lilikuwa linaanza kushuka juu ya mahindi na kuku walikuwa wameshaingia. Mke wangu alikuwa amejilaza kwenye mkeka mbele ya mlango, miguu imemvimba, ameiweka juu ya gunia.

"Papa," akaniuliza, "leo unamutoa gari damu?"

"Kimya. Nafanya kazi."

"Umulize kama anasikia kizunguzungu."

Niliutoa waya wa hasi, nikaiweka balbu. Ikawaka.

Kabla ya kuoga nilikuwa nimezima kila kitu kwa mkono wangu, na sasa kitu fulani ndani ya gari langu kilikuwa macho kinanyonya. Nikaanza kung'oa fyuzi. Ya redio: balbu inawaka. Ya honi: inawaka. Ya taa kubwa: inawaka. Nikang'oa ile ya taa za ndani, balbu ikazimika papo hapo. Nikaketi kwenye kiti cha dereva nikitazama juu, pale taa ya ndani inapokaa. Hapakuwa na taa. Balbu yake niliitoa mwenyewe zamani, wiki ya kwanza tu ya kumtafuta mchawi. Waya ule ulikuwa unalisha taa gani nyingine?

Nikarudisha fyuzi, nikafunga waya wa betri, nikazunguka gari taratibu. Nilipofika nyuma, upande wa mahindi ambako usiku mtu hapiti, nikaona uzi wa mwanga pembeni mwa kifuniko cha buti. Mwembamba, wa manjano. Mchana usingeuona hata ungetafuta. Na asubuhi, nilipokuwa nafungua buti kupakia magunia, taa ile isingeweza kuwaka, maana betri ilikuwa imeshakufa; na jioni nikishusha mizigo, jua liliimeza. Siku zote nilidhani taa ya buti ni mbovu.

Nilibamiza buti lile mwenyewe kabla ya kuoga. Sasa nililiinua kwa kidole kimoja tu. Lilikuwa limeshuka, halikushika.

Ndani kulikuwa na balbu kubwa, ya aina ya taa za breki, ambayo mwenye gari wa kabla yangu aliiweka bila shaka ili aone mizigo yake vizuri. Na chini ya balbu kulikuwa na furushi, limefungwa katika kitenge cha buluu ambacho nilikijua. Mama mkwe alikuja nacho kiunoni kutoka Kongo. Nikaweka mkono juu yake. Lilikuwa na joto.

Sikulifungua lote. Niliinua ncha moja. Vitenge vya zamani vilivyofuliwa mpaka vikawa laini. Plastiki ya kulalia, glavu, wembe ambao haujatolewa kwenye karatasi yake, vile vitu ambavyo hospitali inataka mama aje navyo. Na kofia ya sufi, ndogo, ya manjano, iliyofumwa kwa mkono. Sikuwahi kumwona mama akifuma. Alikuwa akifuma wapi na saa ngapi? Kwetu nguo za mtoto hazionyeshwi kwa baba kabla mtoto hajaja, na baada ya yaliyotukuta, mama asingethubutu kuziweka hata mahali ambapo jicho langu lingepita.

Nikaelewa. Kila jioni, nikishamaliza kushusha mizigo na kuingia ndani, alikuja akaliweka furushi kwenye buti, ili uchungu ukianza usiku, nguo ziwe zimetangulia. Kila alfajiri kabla sijaamka alikuja akalitoa, magunia yasilichafue. Na kila mara alilifunga buti kwa ncha za vidole, kama alivyoufunga mlango siku niliyomleta kutoka Kabazana. Kwetu mtu hubamiza mlango akiwa anaondoka kwa ugomvi. Mama mkwe kubamiza kitu cha mkwe wake, hata mfuniko wa sufuria yake, ni kumtukana. Mama yule aliniheshimu kila jioni, na kila asubuhi gari likawa maiti.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, sufuria mkononi, ananitazama. Aliona mkono wangu uko wapi. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa nyumba. Kuku walikuwa wamelala. Hapakuwa na mtu wa kupitisha neno kati yetu.

Nikairudisha ile ncha ya kitenge kama nilivyoikuta. Nikashika kifuniko cha buti kwa mikono miwili, nikakifunga. Bamu. Uzi wa mwanga ukapotea. Nikamwinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayepita msibani, nikaenda ndani.

Asubuhi nilizungusha ufunguo na gari likawaka mara hiyo hiyo, likanishtua. Jirani alipofika na jembe lake, alikuta linanguruma pale lilipo. Alifanya ishara ya msalaba.

"Padri alikuja lini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni waya tu, ulikuwa unagusana. Mke wangu pia nilimwambia ni waya, na yeye akampelekea mama yake habari ile jikoni, nikasikia mama akisema Mungu asifiwe. Wewe labda ungemwambia ukweli. Mimi nililifikiria jambo hilo njia nzima ya Mbarara siku ile, nikaona haiwezekani. Ningempelekea neno gani? Kwamba gari linalotakiwa kumwokoa binti yake, ni yeye aliyekuwa analiua kila jioni? Mama alikuwa ameacha nyumba, shamba, kaburi la mumewe. Alichobakiwa nacho ni binti na lile furushi. Nisingemwekea na mzigo wa betri.

Ningeweza pia kuitoa tu ile balbu, mambo yakaisha. Niliishika kabisa mkononi siku hiyo Mbarara. Lakini buti lingebaki halijashika, na siku ya safari yenyewe, kwa mashimo ya njia yetu, lingefunguka, na furushi likaanguka barabarani nyuma yetu. Kwa mara ya pili mtoto angefika bila nguo. Nikairudisha balbu mahali pake.

Kwa hiyo tukawa hivi. Jioni naegesha, naingia kuoga. Mama anapita nyuma ya gari. Ninapotoka, ninazunguka kama mtu anayekagua matairi, nabamiza buti, narudi. Yeye yuko jikoni, hainui kichwa. Mimi sitazami jikoni. Hatukuwahi kulikosea.

"Ni nini ile inapigaka kila siku?" mke wangu aliuliza kutoka mkekani.

"Ni upepo."

"Upepo ya kwako iko na saa."

Uchungu ulianza asubuhi, umande haujakauka. Mke wangu alikuwa anakunywa uji, akakiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, akaniita "Papa," na nikajua kwa jinsi alivyokiweka. Nilitoka mbio nikasahau viatu, nikarudi kuvaa, nikavaa kimoja. Nilikuwa nafoka, namfokea nani sijui, kikombe, mlango, viatu. Jirani alikuwa anapita kwenda shambani. Aliona hali yangu, akaliegemeza jembe ukutani, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, tayari kusukuma.

Nilimweka mke wangu kiti cha nyuma. Furushi lilikuwa limeshatolewa kwenye buti alfajiri kama kawaida, na kwa sekunde moja nilisimama pale, nikakumbuka kitanda, nikakumbuka shati. Kisha nikamwona mama anatoka jikoni. Hakukimbia. Alikuja na kitenge cha buluu kifuani, jirani akampisha, akafungua buti, akaliweka. Akashika kifuniko kwa mikono yake miwili, akajinyanyua kidogo kwa vidole vya miguu, akakibamiza.

Kuku waliruka. Jirani aliruka. Sijawahi kulifunga buti lile kwa nguvu kiasi kile mimi mwenyewe.

Akaingia nyuma, akachukua kichwa cha binti yake akakiweka mapajani. Mlango nao akaubamiza. Kisha akanitazama kupitia kile kioo cha dereva, macho kwa macho, bila kuku, bila mtu.

"Mukwe," akasema, "washa."

Nikazungusha ufunguo. Likawaka. Jirani alibaki amesimama na mikono yake iliyojiandaa kusukuma, akaiinua juu kutuaga.

Tulipita mashamba ya maharage, tukapita watu wa baiskeli waliotupisha. Nilikuwa naendesha nimeuma meno. Mke wangu alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu na kuniambia nisikimbize, kisha nikimbize. Karibu na mji wa Isingiro ng'ombe walijaa barabarani, wale wa pembe ndefu wasiomwogopa mtu, na mimi nikalala juu ya honi na kufungua dirisha kuwaambia wanyama wale na mchungaji wao ninachofikiri juu ya ukoo wao.

"Ninyi bangombe," mama akasema nyuma yangu kwa sauti ya upole, "mumwambie mukwe apunguze kasirani. Mutoto anasikia."

Mke wangu alicheka katikati ya uchungu, akalia, akacheka. Nikapandisha kioo. Ng'ombe wakapita kwa wakati wao.

Tulipokuwa kwenye lami mama akasema tena, bila kupitia kwa mtu.

"Ile batri, ni mimi nilikuwa namaliza."

"Hapana, mama. Ilikuwa waya."

"Niko muzee, siko kipofu. Siku ile ulifunga, mwangaza ikapotea, nikaona. Na kesho yake gari ikawaka." Akampangusa binti yake jasho. "Ningefunga nguvu tangu siku ile. Lakini nilikuwa nakuachia ufunge weye. Nikisikia ile kelele, najua tutalala muzuri."

Barabara iliingia ukungu na haikuwa hali ya hewa. Nikaendesha.

Hospitalini walimchukua mke wangu wakaingia naye, mama akafuata na furushi, nami nikaachwa kwenye korido pamoja na waume wengine na mama zao, benchi limejaa mpaka pembeni, na sakafu imetoka kupigwa deki. Nilisimama. Kila muuguzi aliyefungua mlango nilimtazama usoni. Ule mlango ulifunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa na kufungwa, nikasikia watoto wa watu wengine. Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Najua tu kwamba mikono yangu ilianza kufanya jambo bila kuniuliza, na sikulitambua mpaka mama alipotokea mlangoni na kusimama mbele yangu, kofia ya manjano ikiwa imejitokeza kwenye kitenge kifuani pake.

Alitazama kifua changu. Vifungo vilikuwa vimefunguka karibu vyote.

"Funga shati yako, mukwe," akasema. "Huyu iko na nguo yake."

Nikaanza kufunga, vidole havikubali, nikaruka kifungo kimoja. Yeye akatafuta kwa macho mahali pa kumweka mtoto ili asogee pembeni nimchukue, kama inavyotakiwa. Benchi lilikuwa limejaa. Sakafu ilikuwa na maji. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akapiga hatua mbele akamweka mikononi mwangu, na mikono yake ikabaki chini ya mikono yangu mpaka alipohakikisha nimemshika. Mtoto alifungua mdomo akalia kwa hasira, moja kwa moja usoni mwangu, hasira ambayo naijua.

Alikuwa na joto.